Mashindano ya Frizbi kwa Timu Sita

SWALI: Mhariri, tunataka kuandaa mashindano ya siku moja ya frizbi ya ultimeti (mchezo wa timu mbili zinazorusha kisahani, na bao hupatikana kikidakwa katika eneo la mwisho la uwanja) kwa timu sita, lakini tuna uwanja mmoja tu wa kandanda na hatuna waamuzi. Je, inawezekana?

JIBU: Inawezekana, na suala la waamuzi lisikutie hofu, kwa kuwa katika mchezo huu wachezaji wenyewe ndio wanaoamua: anayedai kuchezewa rafu hutamka, mchezo husimama, na mpinzani asipokubali, kisahani hurudishwa kwa aliyekirusha. Waiteni manahodha asubuhi mpitie kanuni pamoja.

Kinachobana ni muda. Uwanja kamili una urefu wa mita 100 na upana wa mita 37, kwa wachezaji 7 kila upande. Ninyi ugaweni uwanja wenu mara mbili kwa koni, mcheze watano watano, kundi la timu tatu kila nusu, ili mechi zote za makundi ziishe katika vipindi vitatu. Badala ya kusubiri mabao 15, wekeni kikomo cha dakika, na kipenga kimoja kianzishe na kumaliza mechi za pande zote mbili. Tafuteni pia visahani vya gramu 175, maana vyepesi hupeperushwa na upepo.

Zawadi ya uungwana msiiache: kila timu impe mpinzani wake alama za uungwana mara mechi inapokwisha.