Mtoto aliyegongwa na gari: maneno kwa karani mgeni

Kila mwaka ofisini kwetu huingia vijana wawili watatu wa mafunzo, wametoka chuoni wameiva sheria, na kila mwaka nawakalisha pale dirishani nawaambia maneno yaleyale. Safari hii nimeona niyaandike, maana koo limechoka. Mimi si wakili. Ni karani, nimeifanya kazi hii hapa Mombasa miaka 17, na faili nyingi nilizoshika ni za ajali: matatu za Mtwapa, tuktuk za Kisauni, malori yanayotoka bandarini kupita Changamwe na Jomvu, na bodaboda kila uchochoro. Za watoto ndizo zinazoninyima usingizi. Mtu mzima akigongwa husimulia mwenyewe. Mtoto husimuliwa, na kila anayemsimulia hutia lake.

Tuanze na jina.

Alikuja mama mmoja wa Kisauni, kamshika bintiye mkono, mguu wa mtoto una kovu refu kutoka gotini hadi karibu na kifundo. Alikuwa na bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nne. Nikazitandaza karatasi mezani. Cheti cha kuzaliwa kinasema Fatma. Kadi ya hospitali inasema Fatuma, kwa sababu muuguzi ndivyo alivyosikia. Abstrakti ya polisi inasema Mwanatumu, jina la nyumbani, kwa sababu aliyempakia mtoto kwenye tuktuk na kumkimbiza hospitali ya Makadara ni jirani, na jirani hajui jina jingine. Umri nao: hospitalini miaka 7, kwenye cheti miaka 9. Jina la baba huku ni la baba, kule ni la babu. Kwa mama yule, huyo ni mwanawe mmoja. Kwa wakili wa bima ni watoto watatu, na hakuajiriwa kukusaidia kuwaunganisha.

Kuwaunganisha kulitugharimu miezi minne. Kurudi kituoni, kuambiwa afisa aliyeandika amehamishwa, kurudi tena. Barua ya hospitali. Barua ya chifu. Hati ya kiapo ya mama kwamba majina yote matatu ni ya mtu mmoja. Kwa hiyo kabla hujauliza gari lilikuwa rangi gani, omba cheti cha kuzaliwa, ukiweke juu, kisha kila karatasi inayoingia uisome herufi kwa herufi ukiilinganisha nacho. Ikitofautiana, mrudishe mzazi siku hiyohiyo, wakati yule aliyeandika bado anakumbuka. Watu wa Pwani tuna majina ya cheti, ya nyumbani na ya chuo cha Kurani, na hakuna ubaya, ila mahakama inataka moja.

Kwa polisi kuna vitu vitatu ambavyo wazazi huvichanganya. Nambari ya OB ni ile ya kitabu cha matukio, ushahidi kwamba ajali iliripotiwa. Fomu ya P3 hutolewa na polisi na kujazwa na daktari, inaeleza majeraha. Abstrakti ndiyo inayotaja gari, mwenye gari, dereva na bima. Mzazi akija na P3 akasema ana abstrakti, usimcheke, mwoneshe. Na mwambie P3 haiuzwi, asije akaambiwa alipie akalipa kwa heshima.

Kama dereva ameshtakiwa kwa kosa la trafiki, ifuatilie kesi ile hata kama si yenu. Akipatikana na hatia na muda wa rufaa ukapita, kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinaifanya hukumu ile kuwa ushahidi wa mwisho kwamba alitenda kosa hilo. Nimeona vijana wakisumbuka kutafuta mashahidi watano na huku nakala ya hukumu ya trafiki iko masjala ghorofa ya chini inasubiri mtu wa kuiomba.

Gari lenyewe ni jambo jingine. Tuktuk ya Mombasa huuzwa mara tatu bila yeyote kwenda kubadilisha jina kwenye kitabu cha gari. Anayeiendesha si mwenyewe, aliyempa si mwenyewe, na mwenyewe wa karatasini alishahamia Voi. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki kinamchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwa hiyo pata mapema rekodi ya NTSA, mamlaka inayosajili magari, uwaunganishe wote wanaohusika. Ukipata picha ya nambari ya gari na stika ya bima iliyopigwa siku ya ajali, hiyo ni dhahabu. Waulize manamba wa stegi ile na vijana wa maskani, siku hizi kila mtu ana simu, na wengine walipiga picha wakasahau.

Kisha peleka notisi kwa kampuni ya bima. Chini ya Sura ya 405, ile sheria ya bima ya magari kwa watu wa tatu, bima asipopewa notisi ya kesi kwa muda uliowekwa, amepata mlango wa kutokea: mtashinda, mtapewa hukumu nzuri, na wa kuilipa atakuwa dereva asiye na kitu. Mjue pia kwamba kwa sheria hiyo bima halazimiki kulipa zaidi ya shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Kinachozidi anadaiwa mwenye gari.

Risiti. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa za watu hupotea bila mtu kuiba. Fidia ina mafungu mawili makubwa. La kwanza ni la maumivu na ulemavu, hilo hakimu hulikadiria kwa kutazama kesi za majeraha yanayofanana. La pili ni la gharama zilizotoka mfukoni, na hilo halikadiriwi: lazima liandikwe kwenye hati ya madai shilingi kwa shilingi, kisha lithibitishwe karatasi kwa karatasi. Mama atakwambia ametumia laki moja na nusu, nawe utamwamini kwa sababu utaona pete hana tena kidoleni. Lakini hakimu ataona risiti za elfu 38.

Na risiti za duka la dawa ni za karatasi ile inayochapwa kwa joto. Jua la Mombasa, jasho la mkoba, miezi sita: inabaki nyeupe kama haikuandikwa kitu. Nimepokea bahasha nzima ya karatasi nyeupe, mama anaapa kwamba zilikuwa na maandishi, nami najua anasema kweli, na ukweli ule haukutusaidia hata senti. Zitoe nakala siku zinapoingia. Zipige picha. Mwambie mama aombe jina la mtoto liandikwe, si «kastoma».

Gharama zinazokuja husahaulika zaidi. Mtoto akitiwa chuma mguuni, chuma kile kitatolewa siku moja, na upasuaji ule una bei yake. Kama daktari hakuiandika kwenye ripoti, nanyi hamkuidai, msitegemee hakimu awakumbushe.

Sasa muda. Nilipokuwa mgeni kama nyinyi nilimwambia baba mmoja, kwa kujiamini kabisa, asihangaike, mtoto ana nafasi hadi afike miaka 18. Wakili alikuwa nyuma ya pazia anasikia. Aliniita, akanifungulia Sheria ya Ukomo wa Madai, akanikalisha niisome kwa sauti. Madai ya kuumizwa ni miaka 3. Kifungu cha 22 kinamwongezea muda mtoto, kweli, lakini kina masharti, na sharti mojawapo linambana mtoto aliyekuwa mikononi mwa mzazi siku alipoumia. Watoto wetu karibu wote wako mikononi mwa wazazi. Hesabu yako iwe miaka 3 tangu siku ya ajali, basi. Gari likiwa la serikali hesabu ni miezi 12, na hiyo hupita mzazi bado anaenda kliniki.

Lakini kukimbia sana nako kuna hasara. Mifupa ya mtoto ina sehemu za kukulia karibu na maungio, na jeraha la hapo laweza kuonekana dogo leo, mguu ukaja kuwa mfupi kuliko mwenziwe baada ya miaka. Fidia hutolewa mara moja, haurudi mahakamani kusema mguu umepinda zaidi. Kwa hiyo sisi hupeleka mtoto kwa daktari mara ya pili, pale muda unaporuhusu, kabla ya kesi kusikizwa. Bima naye atamtaka kwa daktari wake. Mwende naye, mama awepo.

Mtoto hafungui kesi kwa jina lake peke yake. Anafungua kupitia mtu mzima, ambaye sheria inamwita rafiki wa karibu, na huyo lazima atie saini idhini ya maandishi kwa wakili, idhini iingizwe kwenye faili. Amri ya 32 ya Kanuni za Kesi za Madai, isome yote, si ndefu. Swali la kuuliza kabla ya saini: ajali ilitokea mtoto akiwa na nani? Kama alikuwa amepakiwa na baba kwenye bodaboda, na baba huenda ana sehemu ya kosa, baba hawezi kusimama upande wa mtoto na kesho akaunganishwa kama mdaiwa. Mtafute mama au shangazi. Ni mazungumzo mazito nyumbani kwa watu. Nendeni taratibu.

Wakili wa upande wa pili atasema mtoto alijitupa barabarani. Husema hivyo kila mara, nadhani wana muhuri wake. Mahakama zetu kwa miongo mingi zimeshikilia kwamba mtoto wa chini ya miaka 10 hahesabiwi kuwa na mchango katika kosa, na aliyezidi hapo lazima ithibitishwe kwamba alijua au alipaswa kujua hatari. Mnaona sasa kwa nini nilipiga kelele juu ya miaka 7 na 9? Kwa mtoto wa miaka 9 na miezi 10, cheti cha kuzaliwa ndicho utetezi wote.

Kuna na mambo ya baraza. Mwenye tuktuk ni jirani, mnaswali msikiti mmoja, anakuja jioni na wazee, unga, sukari na shilingi elfu 10, tuyamalize nyumbani. Bibi mmoja aliniuliza kama hayawezi kwenda kwa kadhi. Kadhi ni wa ndoa, talaka na mirathi, bibi yangu, si wa tuktuk. Msiwatukane wanaotaka suluhu. Unga upokelewe, bili ya hospitali ilipwe, risiti ihifadhiwe. Kinachokatazwa ni ile karatasi inayofuata sukari: «sina madai tena». Na kesi ikishafunguliwa, mapatano yoyote yanayomhusu mtoto yanahitaji ruhusa ya mahakama. Madalali wanaozunguka wodini wakiahidi pesa kwa wiki mbili ni wa kuwakimbia, na ofisi inayowatumia ni ya kuhama.

Pa kufungua: dai lisilozidi milioni 1 laweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka imalize kwa siku 60. Zaidi ya hapo ni mahakama ya hakimu, na hakimu mkuu husikiza hadi milioni 20. Hilo wakili ataamua.

Mtoto akiitwa kutoa ushahidi, msimfundishe maneno. Hakimu huanza kwa kumuuliza unasoma wapi, unajua kuapa ni nini, mtu akisema uongo inakuwaje. Binti yule wa Kisauni aliulizwa hilo la mwisho akafikiri, akasema, «Mama hukasirika, halafu Mungu.» Hakimu aliandika, kalamu ikisita kidogo. Mtoto aliyekaririshwa husema «mdaiwa aliendesha kwa uzembe», na hapo kila mtu chumbani anajua sauti ile ni ya karani.

Pesa zikitoka si za mama wala za baba. Rafiki wa karibu hazipokei bila ruhusa ya mahakama, na mara nyingi huamriwa ziwekwe benki kwa faida ya mtoto hadi atimize miaka 18. Mwelezeni mzazi siku ya kwanza, si siku ya hukumu. Nimetukanwa ngazini na baba aliyekwisha kuahidi pikipiki. Karo na matibabu huombwa kwa maombi mahakamani, na maombi yanayopita ni yale yenye barua ya shule iliyopigwa muhuri na kiasi cha karo kimeandikwa. Mama wa Kisauni huja kila Januari, nishamzoea, huleta na mahamri.

Kwenye kabati langu kuna daftari la jalada gumu la kijani. Mle naandika jina la kila mtoto kama lilivyo kwenye cheti, benki, na tarehe atakayotimiza miaka 18. Nambari za simu hubadilika, watu huhama Kisauni wakaenda Kilifi, kwa hiyo naandika na jina la shule na la chifu. Ukurasa wa mwisho umefika mwaka 2036. Atakayekalia kiti hiki baada yangu, funguo ziko kwenye droo ya kushoto.