Maswali na Majibu: Nifanyeje besi yangu iwe nzito zaidi?

SWALI: Nina miaka 23, naimba besi kwaya, na sasa naandaa "La calunnia", aria (wimbo wa mtu mmoja) ya mhusika Don Basilio katika opera ya Rossini "Kinyozi wa Seville", kwa ajili ya usaili. Chini niko vizuri, ila nikiifikia ile E ya juu sauti inakwama au inashuka. Mwenzangu ananishauri nibonyeze koo chini ili nipate uzito wa besi, na ninywe mayai mabichi na tangawizi kabla ya kupanda jukwaani. Nianze na lipi?

JIBU: Usianze na lolote kati ya hayo. Ufunguo wa muziki (key) unaoimbia hauna tatizo: Rossini aliiandika kwa D, noti ya juu ikiwa F shapu, lakini besi wengi huiimba kwa C, ambako noti ya juu ni hiyo E yako.

Yaelekea tayari unalibonyeza koo bila kujua, na hilo ndilo linalokukwamisha. Sauti ya besi hugeuka karibu na D iliyo juu ya C ya kati. Hapo nyuzi za sauti zinahitaji kuvutika na kuwa nyembamba, nawe umelikandamiza koromeo kwa shina la ulimi, kwa hiyo haziwezi. Weka kidole gumba chini ya kidevu, pale palipo laini nyuma ya mfupa, kisha uimbe "a". Pakikakamaa, unabonyeza. Kichwani mwako utajisikia mkubwa, ila ukumbini unasikika kama mtu anayesemea mtungini. Nguvu ya okestra imejaa karibu na herzi 500. Besi aliyefundishwa huipenya kwa mng'ao wa karibu na herzi 2,500, na ulimi uliorudi nyuma ndio unaoua mng'ao huo. Koromeo lishuke lenyewe unapovuta pumzi kwa utulivu, basi.

Halafu soma nota. Aria inaanza kwa kunong'ona, fidla zikipigwa karibu kabisa na daraja (kibao kinachoinua nyuzi zake), na kupanda kote huko ni kazi ya okestra. Anayeanza kwa kunguruma hufika kwenye "colpo di cannone" (mlio wa mzinga), kilele cha aria, akiwa hana akiba.

Mazoezi: tetemesha midomo kutoka G ya chini hadi E na kurudi, dakika tano. Kisha do-re-mi-fa-so-fa-mi-re-do kwa "a", noti nne kwa kila pigo, metronomu (kifaa cha kuhesabia mapigo) ikiwa mapigo 60 kwa dakika. Ongeza 4 tu pale kila noti inaposikika wazi bila "h" katikati. Ukipita C ya kati, acha "a" ielekee "o" kidogo. Kidogo! Wengi hapo huimeza irabu nzima. E yenyewe iguse kwa sauti ya wastani kwanza. Ukiishikilia kwa nguvu kila siku utaifundisha kukwama.

Hii imani kwamba besi ni ngurumo inachosha. Filippo Galli, besi aliyeandikiwa na Rossini nafasi za Mustafà (1813) na Assur (1823) katika opera zake, alianza kama mwimbaji wa tenor, sauti ya juu ya kiume. Nafasi hizo zimejaa noti za mbio ambazo koo lililokabwa haliziwezi. Anayekuuzia "besi nzito kwa siku saba" anakuuzia mkazo, na katika miaka 23 sauti ya besi bado inakua. Wengi hukomaa wakikaribia 30 au baada ya hapo.

Mayai na tangawizi? Unachomeza hupita kwenye umio, hakigusi nyuzi za sauti. Yai bichi linaweza kukupa salmonela wiki ya usaili. Hatari zaidi ni vidonge vya kutia ganzi: maumivu yanazimika, unaendelea kuimba juu ya nyuzi zilizovimba. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki mbili, acha tangawizi na acha aria, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo azitazame nyuzi zako za sauti kwa kamera.