Shaun Cassidy hakupotea, alihamia nyuma ya kamera

Mkuu, umeuliza Shaun Cassidy, yule kijana wa The Hardy Boys, tamthilia ya runinga ya vijana wapelelezi, aliishia wapi. Yupo, ila alihama upande wa kamera.

Kwao sanaa iko kwenye damu: mama ni Shirley Jones, mshindi wa Oscar, baba Jack Cassidy, mtu wa Broadway (kumbi kubwa za maigizo za New York), na David, kaka yake kwa baba, mwimbaji, alishawatia mabinti wazimu kabla yake. Mwaka 1977 dogo akaingia kwenye runinga na The Hardy Boys, na mwaka huohuo wimbo wake "Da Doo Ron Ron" ukashika namba moja Marekani. Hapo hajafikisha hata miaka 19!

Baadaye mabango yenye picha zake yakabanduliwa vyumbani mwa mashabiki. Mwaka 1993 alipanda jukwaa la Broadway na David katika mchezo wa Blood Brothers, wakicheza mapacha waliotenganishwa tangu uchanga (mimi hapo ndipo nilipomvulia kofia). Kisha akashika kalamu: 1995 akaja na American Gothic, tamthilia ya sherifu mwenye roho ya kishetani, na 2005 tamthilia nyingine, Invasion. Hata New Amsterdam, ile ya hospitali, alikuwa mmoja wa wazalishaji wakuu. Kama uliitazama, jina lake lilikuwa linapita pale kwenye maandishi na wewe huna habari.