Kiganja kimelegea baada ya ajali ya boda, kwa nini daktari anasema msubiri

Mkuu umesema mdogo wako alianguka na boda, mfupa wa juu ya kiwiko ukavunjika, sasa kiganja kinaning'inia hakinyanyuki, halafu siku ya tatu wakampima umeme wa neva wakaona chini ya jeraha inapitisha vizuri tu. Na nyumbani mmeanza kusema hospitali wanawapotezea muda. Mi nilipitia hicho hicho, mkono wa kulia, kwa hiyo nakujibu kwa kirefu.

Kwanza hicho kipimo, kilifanywa mapema mno. Neva ikiumia vibaya, kipande cha chini kilichotengana na mwili wa seli (kiini chake, kiko kwenye uti wa mgongo au karibu nao) hakifi saa ile ile, kinaendelea kupitisha umeme siku kadhaa kama vile hakuna kilichotokea. Ndo maana EMG, kile kipimo cha umeme wa misuli, ya maana inafanywa baada ya wiki 3 hivi, hapo misuli iliyokosa neva inakuwa imeshaanza kuonyesha dalili. Mimi niliambiwa hivyo nikadhani wananizungusha, nikaanza kusoma mwenyewe usiku maana kulala nako ilikuwa shida na lile plasta.

Hii kitu inajulikana toka 1850, kuna Muingereza anaitwa Augustus Waller alikata neva za ulimi wa chura akaangalia kipande cha mbele kinavyosambaratika. Watu wakadhani kinaoza tu kwa kukosa chakula kutoka kwenye seli. Kumbe wapi, aksoni, yaani ule uzi mrefu wa seli ya neva unaobeba umeme, inajiua yenyewe, ina protini inaitwa SARM1 ambayo ikiwashwa inamaliza akiba ya nishati mle ndani. Kuna panya wa maabara wenye hitilafu ya kurithi ambao aksoni zao zikikatwa zinakaa wiki 2 au zaidi bado nzima, hapo ndo wanasayansi walipojua kumbe ule ni mpango kabisa, sio kuoza.

Sasa nani anasafisha? Hapa ndo paliponikosha. Zile nyuzi za neva zimezungushiwa seli za Schwann, ni glia (seli wasaidizi wa neva) za huku nje ya ubongo na uti wa mgongo, kazi yake ya kila siku ni kuifunika aksoni na mayelini, yale mafuta yanayofanya umeme ukimbie. Zikihisi aksoni imekufa zinaacha hiyo kazi, zinabadilika zinakuwa seli za aina nyingine, zinaanza kumeng'enya mayelini yake zenyewe, halafu zinatoa kemikali za kuita makrofaji, seli za kinga zinazokula mabaki, kutoka kwenye damu waje kumalizia kifusi. Wakati huo mgonjwa yuko kitandani anaona mkono umekufa, kumbe ndani pana kazi usiku na mchana. Njia ikisafishika seli zile zinajipanga mstari mmoja na kutoa vichocheo, aksoni mpya inapita humo humo kuelekea kwenye misuli, kwa mwendo wa kama milimita 1 kwa siku. Piga hesabu, sentimita 10 ni zaidi ya miezi mitatu.

Kuhusu yule jirani yenu aliyeumia uti wa mgongo hajainuka mpaka leo, msimfananishe na mdogo wako. Kwenye ubongo na uti wa mgongo hakuna seli za Schwann za kazi hiyo, mayelini ya kule inatengenezwa na seli nyingine zinaitwa oligodendrosaiti na hizo hazisafishi, mikroglia, seli za kinga za kule, zinajaribu ila polepole sana, mabaki yanakaa miezi hata miaka na yana protini zinazozuia aksoni isiote, astrosaiti, glia nyingine za kule, nazo zinaweka kovu. Miaka ya 80 mwanzoni watafiti kina Aguayo kule Montreal, Kanada, walichukua kipande cha neva ya mguu wa panya wakapandikiza kwenye uti wa mgongo, aksoni za uti zikaota ndani yake vizuri. Kwa hiyo shida kubwa ni mazingira yale, sio kwamba aksoni haziwezi kabisa.

Huku kusubiri msikae bure lakini. Avae splinti, kile kifaa cha kushikilia mkono, ya kunyanyua kiganja, anyooshewe vidole kila siku viungo visikakamae. Na tafadhali msimkande na maji ya moto pale mgongoni mwa kiganja penye ganzi, mi nimeona mtu kaungua malengelenge hajui. Vidonge vya vitamini B vinamsaidia mwenye upungufu, aksoni haziongezi mwendo kwa sababu yake.

Ila yote haya ni iwapo neva ilivutwa au ilibanwa na mfupa. Ingekuwa panga au kioo, neva imekatwa vipande viwili, hapo hakuna kusubiri, ishonwe mapema. Kwake mwangalie msuli wa juu ya mkono karibu na kiwiko, ndo unaanza kurudi, kiganja kinafuata, dole gumba la mwisho. Ikipita miezi mitatu minne hakuna hata mtikisiko muulizeni daktari habari ya kufungua kuangalia, msiache mwaka upite maana misuli ikikaa bila neva muda mrefu inasinyaa, na aksoni ikifika haikuti pa kushika.