Saa 200 au Saa 1,500? Niliyomwambia Mpwa Wangu Gatini Manda

Mpwa wangu alivuka kutoka Amu kwa mashua hadi uwanja wa ndege wa Manda, kitabu chake cha kuandikia saa za kuruka kakifunga ndani ya mfuko wa nailoni kisirushiwe maji. Leseni ya urubani wa biashara anayo, saa za kuruka anazo 212, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

"Shikamoo mjomba. Nimesoma mtandaoni mashirika ya ndege yanataka saa 1,500. Nitazitoa wapi?"

Nilikuwa na nafasi kidogo kabla ya abiria wangu wa kurudi Wilson, Nairobi, kufika, tukakaa kivulini. (Nyanya yake, kila akitusikia tukizungumzia saa hizi, huuliza kama hakuna fundi wa saa Mkomani wa kutuuzia.)

Hiyo 1,500 aliyoisoma ni ya Marekani. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, wakafa watu 50. Ilikuwa Q400, ndege ya mapangaboi, aina ileile ambayo watu wa Malindi wameizoea. Ndege ilipoanza kupoteza mwendo, kepteni aliuvuta usukani badala ya kuusukuma mbele. Familia za marehemu zikapigania sheria, na tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la abiria kule anatakiwa awe na saa 1,500. Aliyetoka jeshini hupunguziwa hadi 750, na mwenye shahada ya urubani ya chuo kilichoidhinishwa hadi 1,000. Marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa wameshavuka 1,500. Lishike hilo, nitalirudia.

Huku kwetu Kenya hesabu ni nyingine. Leseni ya biashara hutolewa kwa saa 200, au 150 ukisoma kozi kamili iliyoidhinishwa, na kwa leseni hiyo kisheria unaweza kukaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi. Saa 1,500 utaulizwa ukitaka leseni ya juu, ile ya kuwa kepteni wa ndege ya shirika inayoendeshwa na marubani wawili. Kwa hiyo mpwa wangu hakuwa nje ya sheria. Alikuwa nje ya mlango tu, na mlango una wenyewe: shirika, na nyuma ya shirika, kampuni ya bima. Nimeona matangazo yakitaka 500, mengine 1,000, na mwaka ambao marubani wamehamia Ghuba kwa wingi nimeona watu wa 250 wakipigiwa simu. Namba hupanda na kushuka kama bei ya samaki wakati wa kusi.

Tukafanya hesabu mchangani. Caravan, ndege ndogo ya injini moja, kutoka Wilson hadi Manda ni kama saa moja na nusu, kwenda na kurudi tatu. Kutoka 200 hadi 1,500 ni safari 433 za kwenda na kurudi. Akacheka kwa mara ya kwanza. Namba ile ilikuwa imemtisha kama mlima, kumbe ni kazi ya miaka michache ukishapata kiti. Ugumu uko kwenye mia tatu au nne za kwanza, kabla hujapata kiti chochote.

Mimi zangu nilizipata kwa kufundisha. Sikuwa na wito wa ualimu hata kidogo, lakini mwalimu wa urubani huandika saa zake kama rubani mkuu huku mwanafunzi ndiye anayelipia mafuta. Na mwanafunzi atakufunza ndege kuliko mtu yeyote, maana atakosea makosa ambayo wewe usingeyawaza. Wapo wanaolipa pesa nyingi wakakalie kiti cha kulia ng'ambo ili wajaze kitabu. Sipendi biashara hiyo. Unarudi na saa mia tatu za kutazama, na deni.

Ndipo nikarudi kwenye ajali ile: saa walikuwa nazo, lakini wingi wa saa peke yake haukuwaokoa. Hapa Amu nahodha haulizwi ana siku ngapi baharini. Huulizwa ameingia mlango gani wa bahari, kwa upepo gani, usiku au mchana. Wanaokuhoji kwa kazi nao ndivyo wanavyokisoma kitabu chako. Saa 500 za kuzunguka kiwanja kimoja anga likiwa jeupe zinaonekana mara moja. Saa za usiku, saa za kuruka kwa kuongozwa na vyombo bila kutegemea kuona nje, saa za injini mbili, saa za safari ndefu ukiwa mkuu: hizo ndizo kidole hupitia. Ile leseni ya juu yenyewe, ndani ya 1,500 zake, inadai 100 za usiku na 75 za vyombo. Ukingoja mpaka mwisho uzitafute, utazilipia mwenyewe. Ukiwa mwalimu, omba zamu ya jioni wanayoikimbia wenzako. Omba pia kuja huku kaskazi inapovuma, ikupige ubavuni ukitua Manda. Mara yangu ya kwanza niliiacha njia nikazunguka upya mara mbili, abiria wakanyamaza kimya kabisa.

Sasa aibu yangu. Usaili wangu wa kwanza, kwa kampuni moja nisiyoitaja, mzee mmoja alichukua kikokotoo akajumlisha kurasa zangu mbele yangu. Saa za simuleta, mashine ya kuigiza ndege, nilikuwa nimezichanganya na za ndege, na ukurasa mmoja jumla ilizidi kwa kumi. Ulikuwa uzembe, lakini kwake ulifanana na saa za kalamu, zile za kuandikwa mezani. Hakunikaripia. Alikifunga kitabu, akanishukuru kwa kufika.

Kwa hiyo tulikifungua cha mpwa wangu, tukaanza ukurasa wa kwanza na rula. Tulikuta kosa ukurasa wa kumi na moja. Abiria wakafika, nikamwachia kalamu amalizie.

Nikiwa naelekea kwenye ndege nikamgeukia nimuulize cheti chake cha afya cha daraja la kwanza kinaisha lini. Hakujua. Mimi niliwahi kuitwa kazini changu kikiwa kimekwisha siku nne, na kiti kile akakaa mwingine.