Usirekodi hata tukio moja kabla ya kushika mkataba wenye kurasa zote

Ndugu mleta uzi, Jumatatu usiende Sinza kurekodi. Umeandika kwamba umepewa nafasi ya mhusika mkuu katika tamthilia na kwamba mtayarishaji amekuahidi mkataba "kituo kikishaleta fedha", yaani kituo cha televisheni, kisha ukauliza kama uache kazi yako ya uwakala wa fedha, kama usome kwanza TaSUBa, chuo cha sanaa pale Bagamoyo, na picha zako uzipeleke wapi. Mimi nimekwama kwenye hilo neno la mkataba, kwa sababu niliambiwa maneno hayohayo mwaka 2016 na hasara yake ninaibeba hadi leo.

Mtayarishaji wangu alikuwa na ulimi wa asali. Kila nilipouliza malipo alinikumbusha kwamba marehemu Steven Kanumba, yule nyota wa filamu, alianzia kundi la sanaa la Kaole, akaonekana ITV, akafika hadi kuigiza na Wanaijeria, kana kwamba safari ya mtu aliyefariki mwaka 2012 akiwa na miaka 28 ndiyo hati ya malipo yangu. Alisema sisi ni ndugu. Undugu huo sikuuona msibani wala harusini. Uliletwa siku za kudaiana tu.

Tulirekodi wiki mbili kwa ahadi ya mdomo: vipindi 26, shilingi 50,000 kwa kila siku ya kazi. Usiku mmoja, saa nane, katika nyumba ya kukodi huko Mbezi, nikiwa nimeketi juu ya ndoo huku mpambaji akinifuta damu ya rangi shingoni, msaidizi wa mtayarishaji alinijia na karatasi moja. Ilikuwa na mistari miwili ya saini na namba 7 chini yake. Nilipoulizia kurasa sita za mwanzo, alijibu kwamba ziko ofisini, kwamba ni maneno ya kawaida ya wanasheria, na kwamba taa zimekodiwa kwa saa. Watu wapatao ishirini walikuwa wamesimama wakinisubiri. Nikatia saini juu ya boksi la kamera.

Miezi mitano baadaye mwongozaji mwingine, mtu makini, aliniita katika tamthilia ya msimu mzima. Kabla sijaanza mazoezi, kampuni ile ya kwanza ilimwandikia barua ya kumzuia, naye akanipa pole na kumchukua mtu mwingine. Ndipo nilipokopa fedha za wakili na kuzisoma zile kurasa sita kwa mara ya kwanza. Ukurasa wa tatu ulisema nimewaachia haki zote za uigizaji wangu, kwa njia zilizopo na zitakazokuja, bila kikomo cha muda. Ukurasa wa tano ulinikataza kuonekana katika tamthilia nyingine yoyote kwa miaka miwili. Idadi ya vipindi haikutajwa popote, na malipo yaliitwa posho, "kadiri fedha zitakavyopatikana". Wakili alinieleza kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwigizaji, na kwamba uigizaji wake unahitaji idhini yake kabla ya kurekodiwa na kutangazwa. Kisha akaweka kidole kwenye saini yangu, akasema idhini yenyewe ndiyo hiyo.

Kuna mchangiaji hapo juu anayekushauri uanze kazi, halafu ukishaonekana katika vipindi vichache ndipo udai mkataba, eti watashindwa kukuondoa kwa kuwa sura yako imekwisha kuingia katika hadithi. Tafadhali usimsikilize. Mimi nilidai fedha zangu baada ya kipindi cha 14, na katika kipindi cha 15 mhusika wangu akagongwa na bodaboda bila hata kuonyeshwa. Wenzake wakapewa habari kwa simu, wakalia, hadithi ikaendelea. Mwandishi wa skripti anahitaji sentensi moja tu kukuzika. Tamthilia hiyo imerudiwa mara kadhaa, imekatwakatwa na kuwekwa YouTube, na hadi leo naitwa sokoni kwa jina la mhusika yule, lakini kwa marudio hayo yote sijapokea hata senti.

Kwa hiyo mwambie mtayarishaji wako akupe mkataba mzima, uende nao nyumbani, ulale nao siku mbili. Utafute idadi ya vipindi, kiasi na tarehe ya malipo, utakacholipwa mhusika wako akiondolewa mapema, mahali kazi itakapoonyeshwa na kwa muda gani, na kama unazuiwa kufanya kazi kwingine basi unalipwa nini kwa muda huo wa kuzuiwa. Pande zote mbili ziweke saini fupi katika kila ukurasa, na nakala moja ibaki kwako kabla kamera haijawashwa. Wakikuambia kwamba printa imeharibika, waombe faili lenyewe kwa simu, ukalichapishe mwenyewe. Steshenari zimejaa hapo Sinza, na kurasa saba hazifiki bei ya sahani ya chipsi.