Kwa nini Mwanza ni Free Fire na si PUBG

Mkuu mleta mada, umeuliza mbona PUBG Mobile inatajwa kila mara kwenye orodha za gemu zinazoingiza pesa nyingi duniani, ilhali hapa Mwanza kila kijiwe ni Free Fire (zote mbili ni gemu za simu za kupigana risasi, anayebaki hai mwisho ndiye mshindi), na bonanza lako la Kirumba ulifanyie gemu ipi. Mimi ni fundi simu Makoroboi na ni mchezaji pia, kwa hiyo namuona mtu anavyocheza na ninaishika simu anayochezea.

Jibu langu ni simu. Nyingi zinazopita mezani kwangu ni Tecno, Infinix na itel za RAM GB 2 au 3, hifadhi imejaa video za WhatsApp. Ukiweka PUBG humo, inadai ramani zaidi za kupakua, simu inachemka, na risasi zikianza tu picha inaganda. Halafu kuna jambo wengi hawalijui: wakali wengi wa PUBG wanalenga kwa kuinamisha simu, na hiyo inataka jairoskopu, yaani kihisi kinachojua simu imeinamia wapi. Simu nyingi za bei ya chini hazina hicho kitu kabisa. Dogo anapigwa kila siku, anaamini hajui kucheza, kumbe mwenzake ana kifaa ambacho yeye hana. Free Fire inamsaidia kulenga, mapigano mengi ni ya karibu, na akibanwa anatupa ukuta wa gloo anajificha.

Muda nao una uzito wake. PUBG ya kawaida ni watu 100, na ramani ya Erangel ni kilomita 8 kwa 8, mechi inaweza kukaribia nusu saa. Free Fire ni watu 50, dakika kumi hivi mmemaliza. Pita Mwaloni asubuhi uwaone vijana wanaosubiri mzigo wa dagaa: wanne wamekaa juu ya magunia, mmoja amechomeka pawabenki, kila mmoja anafuta vidole kwenye suruali ili kioo kishike. Boti ikifika wanaitwa kubeba. Nani ataanza mechi ya nusu saa hapo, tena kwa bando la jero?

Sasa hizo orodha za dunia. Free Fire ya Garena, kampuni ya Singapore, ilitoka 2017 ikilenga simu dhaifu tangu mwanzo, ndiyo maana ilishika Brazil, Indonesia na Thailand. Mwaka 2019 mashindano yake ya dunia, Free Fire World Series, yalichezwa Rio de Janeiro na Corinthians ya Brazil wakabeba kombe. PUBG Mobile ilikuja 2018, na sehemu kubwa ya pesa inayohesabiwa kwake inatoka China, ambako tangu Mei 2019 inachezwa kwa jina lingine. India ndiyo inaonyesha vizuri kwamba si suala la ladha tu: serikali iliifungia PUBG Mobile Septemba 2020, ikarudi 2021 kama gemu ya India peke yake, kisha Februari 2022 ikawa zamu ya Free Fire kufungiwa. Nchi moja yenye watu wengi vile ikifunga mlango, chati yote inayumba, na mchezaji wa Igoma hajabadilisha chochote.

Hata hapa hatufanani. Wanachuo wa Malimbe wanaoniletea simu zenye nguvu wanacheza PUBG na Call of Duty, na wanazicheza vizuri.

Kwa bonanza lako, weka Free Fire, skwadi za watu wanne, ramani ya Bermuda ambayo kila mtu anaijua. Piga marufuku tableti na wanaocheza kwa kompyuta, la sivyo watoto wa mwaloni watatolewa raundi ya kwanza na hawatarudi tena. Anza saa nne asubuhi, maana jioni mtandao wa Kirumba unalemewa. Tafuta ukumbi wenye soketi za kutosha. Ukipanga tarehe niambie, nitakuja na ekstensheni na chaja za kila aina.